Mtoro bin Mwinyi Bakari na Nusu ya Njia

Katika uhakiki wa maandishi yetu imekuwapo desturi ya kumshuku mwandishi anayegusa mambo mengi. Leo akiandika historia, kesho akaandika ngoma, na keshokutwa akaeleza jinsi mtoto anavyoogeshwa na kufunzwa adabu, mtu huyo hukosa pa kuwekwa. Mwanahistoria humwona msimulizi tu. Mjuzi wa muziki humwona mpita njia. Mwalimu wa malezi humwuliza alisomea wapi. Wahenga nao huitwa kutoa ushahidi dhidi yake, kwamba mshika mawili moja humponyoka. Hivyo kitabu chake huchanwachanwa: mmoja hutwaa ukurasa wa harusi, mwingine wa biashara, wa tatu wa pepo, na hakuna anayekisoma chote.

Mwandishi aliyetendewa hivyo kwa miaka mingi kuliko wengine katika lugha yetu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilipigwa chapa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Wataalamu wengi wa habari za pwani wamechota humo, na wengi wao wamechota kwa kijiko. Sisi twataka kukisoma kwa namna nyingine. Kwanza twataka kukitetea kwa upana wake, maana twaamini kwamba upana huo ndio fikra yake hasa. Pili twataka kukisoma tukiwa tumesimama Tabora, si Bagamoyo. Tukisimama huko twaona kasoro ambayo msomaji wa pwani haioni kwa urahisi, na kasoro hiyo yatuhusu sisi wa leo kuliko inavyomhusu marehemu.

Kwa ufupi tu, kwa kuwa maisha yake yamekwisha kuelezwa vema na Ludger Wimmelbücker katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2009. Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869, Dunda, karibu na Bagamoyo. Alisoma chuoni kama watoto wa waungwana walivyosoma, akawa mwalimu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako watumishi wa serikali ya kikoloni walitayarishwa kabla ya kuja kututawala. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Hapo chuki ya rangi ikajitokeza wazi. Kazi ikamtoka, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka. Mtu aliyeandika desturi za pwani akanyimwa kukanyaga pwani. Akageuka na meli, akarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg kuanzia mwaka 1909, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara katika miji mbalimbali, bila ofisi wala cheo cha kudumu, hata alipofariki mwaka 1927. Hakurudi tena.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Mtu huyu hakuwa mwanazuoni wa idara fulani. Alikuwa mjuzi aliyeulizwa kila kitu na akajibu kila kitu, kwanza kwa kalamu na mwishoni kwa mdomo, ili apate riziki. Upana wa maarifa yake ulikuwa pia upana wa mtu asiyeajiriwa na somo lolote.

Sasa na tukifungue kitabu.

Msomaji aliyezoea historia za watawala atatazamia kuanza na wafalme na vita. Mtoro anaanza na mimba. Anatupeleka kwa mwanamke mjamzito, kwa mkunga, kwa mtoto mchanga na jina lake. Kisha michezo ya watoto, chuo na mwalimu wake, adabu mbele ya wakubwa, jando la wavulana na unyago wa wasichana pamoja na makungwi wao. Hapo ndipo ngoma zinapoingia. Haziingii kama sura ya sanaa iliyotengwa pembeni. Zinaingia kwa kuwa mtoto hawezi kutoka jandoni bila ngoma, wala bibi arusi hawezi kutolewa nje bila ngoma, wala mgonjwa wa pepo hawezi kupungwa bila ngoma. Halafu waja majumbe na heshima zao, watumwa na waungwana, madeni, safari za bara, sheria, na kifo.

Wako waliouita mpangilio huu vurugu. Sisi twauona ni mpangilio wa nyumba. Ukiingia katika nyumba ya pwani, husemi kwamba chumba hiki ni cha historia na kile ni cha muziki. Bibi anayembembeleza mjukuu anamwimbia wimbo wenye jina la jumbe aliyekufa zamani, huku akisuka ukili. Na ule ukili una mtindo aliofunzwa na somo yake. Historia, muziki, sanaa na malezi vimo ndani ya mikono miwili ya mtu mmoja, katika saa moja. Anayetaka kuvieleza kwa ukweli lazima ajue vyote vinne, au akubali kusema uwongo kidogo kwa ajili ya mpango mzuri. Mtoro hakukubali.

Tena angalia anavyomtazama mtoto. Waandishi wa Ulaya waliopita katika nchi hii kabla yake, Burton, Speke, Stanley na wengineo, waliandika maelfu ya kurasa. Wametaja bei ya pembe, kina cha mito, vyeo vya masultani, na hasira zao wenyewe. Mtoto ni nadra kuonekana humo, ila akiwa analia kambini au anawakimbia. Kwa Mtoro mtoto ndiye mlango wa kuingilia katika jamii nzima. Tungependa wanafunzi wetu wa ualimu walijue hilo, maana mara kwa mara tumesikia ikidaiwa kwamba fikra juu ya malezi ililetwa hapa kwa vitabu vya kigeni.

Liko jambo la jalada. Kitabu kilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyekuwa mkubwa wa Mtoro kazini. Velten alikusanya, akapanga, akafasiri kwa Kijerumani. Na hapana shaka baadhi ya sura ziko pale zilipo kwa kuwa yeye aliziuliza. Haifai kusema kwamba hakufanya kazi. Lakini mkono ulioandika sehemu kubwa ya Kiswahili kile ni wa Mtoro, na ilipasa kungoja hadi mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro likawekwa mahali pa mwandishi. Miaka 78. Mhakiki akumbuke jambo hili kila anapokuta katika kitabu maelezo makavu, kama ya mtu anayejibu maswali: huenda ni kweli alikuwa akijibu maswali, na aliyeuliza alikuwa ndiye mwenye kalamu ya mwisho.

Hadi hapa tumekuwa watetezi. Basi tuondoke pwani.

Kutoka Bagamoyo njia ya misafara ilikwenda magharibi, ikapita Mamboya na Mpwapwa, ikavuka Ugogo kwenye kiu na hongo, ikapita Kilimatinde, ikaingia Unyamwezi, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga matembe yao na mji wa Tabora ukakua. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika huko, mahali palipoitwa Kazeh, mwezi Novemba. Tabora haikuwa mwisho wa njia. Ilikuwa njia panda: hapo mmoja alishika ya Ujiji na Manyema, mwingine ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, wa tatu ya kusini kuelekea Urungu. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, mbali ya mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mbele alitangulia kirangozi, na baragumu ikilia asubuhi.

Wengi kati ya wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na hapa yafaa tusahihishe kosa ambalo bado lafundishwa. Si kweli kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa aliyefungwa mnyororo. Watumwa walikuwapo, na mateso yao hayana kipimo. Hatutaki mtu atumie maneno yetu kuyapunguza. Lakini Mnyamwezi mpagazi kwa kawaida alikuwa mtu huru, aliyepatana ujira wake kwa merikani na kaniki na shanga, aliyejua kugoma posho ikipunguzwa, na aliyekuwa na misafara yake mwenyewe ya pembe kabla Mwarabu hajajenga nyumba yake ya kwanza Unyanyembe. Stephen Rockel ameonyesha hayo kwa ushahidi mwingi katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wachukuzi hawa. Ameonyesha pia kwamba wake na watoto walifuatana na misafara ya Wanyamwezi, wakibeba vyombo, wakipika, na wengine wakibeba mizigo ya ujira.

Sasa tumrudie Mtoro. Bagamoyo yake isingekuwa Bagamoyo bila watu hawa. Katika majira ya kiangazi walishuka kwa maelfu. Jina lenyewe la mji, kama wengi wanavyolieleza, latokana na kubwaga moyo, na aliyebwaga moyo ni mchukuzi aliyefika mwisho wa safari. Ingawa wako wanaolieleza kwa namna ya huzuni zaidi, kwamba ni mateka aliyeuacha moyo wake pwani asiutumaini tena. Vyovyote iwavyo, mji uliitwa kwa moyo wa mtu wa bara.

Na mtu wa bara katika kitabu cha Mtoro yuko wapi? Yupo, lakini yupo kwa sehemu kubwa kama ajaye na mzigo. Anafika, anapokewa, pembe zinauzwa, anapata nguo, anarudi. Au ni mchukuzi anayetafutwa na tajiri wa pwani aliyekopa bidhaa kwa Mhindi, anayetaka kujua nyota yake ni njema kabla ya kufunga safari. Habari za biashara na safari zimeelezwa kwa ujuzi. Hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni kwamba macho yaliyomwona mtoto wa Bagamoyo tangu tumboni hayakumwona mtoto wa Unyanyembe hata kidogo. Mnyamwezi katika kitabu kile amezaliwa akiwa mtu mzima, na mzigo begani. Hana mama aliyemwimbia. Hana kungwi wala babu. Upana wote ule tuliousifu unakoma penye mipaka ya mji.

Hata jina tunalowaitia watu hao ni la pwani. Wao wenyewe walijiita kwa nchi na watemi wao: Wanyanyembe, Wagalaganza, Wasumbwa, na majina mengine. Ni watu wa pwani waliowatazama wakija kutoka upande ambako mwezi mchanga huonekana, wakawaita Wanyamwezi, na jina likashika hata wenyewe wakalikubali. Jina zuri, hatukatai. Lakini ni jina la mtu anayeonekana kwa mbali akija.

Atasema msomaji: mbona mwamtwika mzigo mkubwa mno? Aliandika desturi za Waswahili, si za Wanyamwezi. Kila mtu na kwao. Hoja hii ina uzito, nasi twaikubali kwa nusu. Twaikataa nusu ya pili kwa kuwa Mtoro mwenyewe hakufungwa na mpaka huo alipotaka. Katika mkusanyo wa Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, yumo Mtoro akieleza habari za Uzaramo na safari yake ya Udoe na Uzigua, na humo anatazama mila za majirani kwa makini. Alijua kuuliza katika nchi isiyo yake. Kilichomzuia kwa Mnyamwezi si ukosefu wa ufundi. Twaona kilikuwa cheo. Mtoro aliandika kama muungwana, na muungwana wa pwani alimtazama mpagazi kutoka barazani. Vivyo hivyo anavyoandika juu ya watumwa: kwa uangalifu, bila matusi, akieleza kazi zao na hali zao, lakini ni mara chache twasikia mtumwa akisema yeye mwenyewe aliuonaje utumwa. Mwandishi akikaa barazani, huona kila kitu kipitacho barabarani, wala haoni kinachopikwa katika nyumba ya mpitaji.

Tumesimama Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mbele ya tembe lililohifadhiwa kwa sababu Livingstone na Stanley walilala ndani yake. Ni nyumba nzuri, ya kuta nene na mlango wa nakshi kama wa pwani. Wageni huonyeshwa chumba cha Mwingereza. Nje, miembe inaeleza njia ilikopita, na wenyeji husimulia kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, pamoja na Kwihara, katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Lakini pale Kwihara tulijiuliza swali la Mtoro, lile analofungulia kitabu chake: mtoto wa hapa alilelewaje?

Jibu lipo, nalo limetawanyika. Kipande kimoja kimo katika kumbukumbu za Mwingereza Alfred Swann, aliyeandika mwaka 1910 kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa kabla hajabeba mzigo wa pembe hadi pwani na kurudi. Chukua neno hilo, uliweke kando ya sura ya jando katika kitabu cha Mtoro, uone yanavyong'aa pamoja. Mvulana wa Bagamoyo alitengwa, akatahiriwa, akafunzwa kwa nyimbo na mafumbo, akatoka mwanamume. Mvulana wa Unyamwezi alitoka mwanamume kwa kutembea. Jando lake lilikuwa barabara yenye urefu wa miezi mitatu, mwalimu wake kirangozi, na nyimbo zake zilikuwa nyimbo za kuchukulia mizigo. Mji wa Mtoro ulikuwa ndiyo kumbi ya mvulana huyo, wala Mtoro hakujua kwamba mji wake ni kumbi ya mtu. Hapa ndipo tunapoona hasara. Wachumi wameandika juu ya mpagazi kama nguvukazi, na wanahistoria kama chanzo cha utajiri wa watemi. Ni nani ameandika juu yake kama mtoto wa watu aliyepelekwa kukua?

Kuhusu historia ya vita na utawala hatuna uhaba. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora na kuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, ameeleza kwa Kiswahili chake mwenyewe habari za Mnywa Sele na Mkasiwa na ugomvi wao juu ya kiti. Maisha yake ni kitabu chenye nguvu, na kila Mtanzania apaswa kukisoma, akijua pia kwamba mwenye kusimulia alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watu. Juu ya Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 na kufa mwaka 1884, yapo maandishi mengi, na katika Kiswahili J. B. Kabeya alitupa Mtemi Mirambo. Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ngomeni mwake Januari 1893 kuliko kuangukia mikononi mwa Wajerumani, watoto wa shule humjua. Hivi ni vitabu na masimulizi ya watawala, nayo ni haki yao. Baruti huandikwa upesi. Kibuyu, mbeleko na wimbo wa kumlaza mtoto hungoja.

Muziki ndio uliobaki wazi zaidi. Manyanga bado yanalia magharibi. Kikundi cha Hiari ya Moyo, chini ya Mzee Mwinamila, kiliuchukua mtindo wa uchezaji wa huko kikaufikisha katika viwanja vya sherehe za Taifa, hata mtu wa Mtwara akaujua. Na mji ule ule wa matembe ulizaa bendi za dansi: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz iliyotupa Shem Karenga na wimbo wake wa Dada Asha. Je, ni ajabu kwamba mji usio na bahari wala ziwa uliweza kuwa na bendi nyingi hivyo? Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, ikafuata karibu mkondo ule ule wa wapagazi. Na kwa reli zilikuja santuri, magitaa, na mitindo ya Kongo. Njia panda ya pembe ikawa njia panda ya sauti. Mwandishi wa namna ya Mtoro asingetenga sura ya manyanga na sura ya gitaa. Angeuliza mpiga gitaa alilelewa na nani, na shangazi yake alicheza ngoma gani. Lakini sisi twaziweka ngoma katika kabati moja, dansi katika kabati jingine, na mpagazi katika kabati la tatu.

Wala usidhani magharibi ilikosa mtambo wa chapa. Kipalapala, karibu na Tabora, wamisionari wa Kikatoliki walikuwa na kiwanda cha chapa kilichotoa gazeti la Kiongozi na vitabu vya Kiswahili vingi mno, na kwa miongo mingi alama ya TMP ya Tabora ilikuwa katika rafu za nyumba nyingi nchini. Tabora ilikuwa na shule ya serikali iliyomsomesha Julius Nyerere tangu mwaka 1937, na chumba cha darasa cha St. Mary's alikofundisha baada ya Makerere. Karatasi ilikuwapo, wino ulikuwapo, wasomi walikuwapo. Bado nusu ya njia haikupata Mtoro wake. Twadhani sababu mojawapo ni kwamba msomi wa Tabora alifundishwa tangu utoto kuchagua somo. Mtoro hakupewa nafasi ya kuchagua.

Na tuseme wazi ni nini kitapotea. Nyimbo za njiani ziliimbwa na watu ambao wajukuu wao sasa ni wazee. Aliyepewa habari na babu yake aliyekwenda pwani kwa miguu kabla ya reli, leo ni mtu wa umri mkubwa, ikiwa bado yuko hai. Haitoshi kumwendea na swali la somo moja. Ukimwuliza historia tu, atakutajia watemi, kwa maana amekwisha kuzoea kwamba wageni hupenda watemi. Mwulize jinsi mama yake alivyomlea. Utafika kwenye njia ya misafara kabla chai haijapoa, maana chungu cha mama kilitoka mahali, na jina la mjomba lilitoka mahali, na wimbo ulikuwa na neno la Kiswahili ndani yake ambalo hakuna aliyejua maana yake. Kiswahili chenyewe nacho kilibeba mizigo kurudi pwani: neno Ikulu tunaloandika kwa herufi kubwa ni neno la watemi wa magharibi.

Kitabu cha Mtoro kina makosa ambayo mhakiki mwingine angeyapigia mstari. Kuna mahali anapopita haraka mno, na mahali ambapo sheria za dini na mazoea ya mji vimechanganywa hata huwezi kujua lipi lilitendeka na lipi lilipaswa kutendeka. Tumeyaacha kwa kuwa ni makosa ya mtu anayefanya kazi kubwa peke yake. Lile la barazani hatukuliacha, kwa sababu linaendelea. Kila mara tunapotengeneza kitabu cha utamaduni wa Taifa kwa kuanzia pwani, na kuileta bara kama idadi ya makabila, tunakaa katika baraza ile ile.

Juu ya sanaa tutasema moja tu. Kabla ya karne ya 19 kwisha, kiti cha enzi cha mtemi wa Buruku katika Unyamwezi kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, nacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Berlin. Ni kiti cha mti, chenye egemeo refu, na juu ya egemeo umechongwa mwili wa mtu. Wataalamu wa sanaa ulimwenguni wamekisifu, na picha yake imo katika vitabu vikubwa vya sanaa ya Afrika. Kiti hicho kilikuwa katika mji ule ule ambamo Mtoro alifundisha Kiswahili kwa miaka mitano, mji ambamo alioa na akafanyia kazi kitabu chake. Katika maelezo ya picha limetajwa jina la Buruku, na kabila la Wanyamwezi, na namba ya makumbusho. Jina la fundi aliyekichonga halimo.